Ulituachia Tangi Tupu

Baba,

Leo sikuamkii. Nimekaa mara tatu kuandika barua hii, na mara zote tatu nilianza kwa shikamoo kama ulivyonilea, kisha nikachana karatasi. Nina hasira na wewe. Ulipokuwa hai sikuweza kumaliza sentensi mbili bila wewe kunikatiza, basi leo utanisikiliza mpaka mwisho.

Miezi minne imepita. Mama hajambo, ila halali chumbani kwenu tena. Bati la uani lililokuwa linavuja limebadilishwa. Shabani ndiye aliyepanda juu akalipigilia misumari, Shabani mume wangu, mkwe uliyemfukuza. Gari lako lipo, na mimi ndiye ninayeliendesha. Nalitia petroli ya kawaida, Baba. Ya pale sheli ya Kilindoni, pampu ileile wanayotia wenye pikipiki. Nalitia kila wiki, na linakwenda.

Najua ungesemaje. Uliendesha gari la bosi wako Dar es Salaam karibu umri wako wote wa kazi, na bosi yule hakutia mafuta ila kwenye sheli za kampuni moja, zile zenye picha ya tausi, tena ile petroli yao ya bei ya juu. Ulipostaafu ulivuka bahari ukarudi kwetu kisiwani, Kirongwe, na hicho kigari cha haibridi kilichotoka Japani, na imani ya bosi ukaja nayo. Ulituambia gari la haibridi lina roho mbili, injini na betri, na ukiinywesha injini uchafu, betri nayo inaugua. Nani alikwambia? Hukutaja mtu hata siku moja. Lakini petroli ya tausi ilikuja kwa pipa, kwa jahazi la mizigo kutoka Nyamisati, jina lako limeandikwa ubavuni kwa rangi nyeupe, na pipa ukalisimamisha nyuma ya choo, juani. Wageni wakija, uliwapeleka kulitazama.

Tulikuwa tunacheka, mimi na Mama. Kicheko kilikoma mwaka juzi, siku ya Shabani.

Mama yake Shabani aliteguka nyonga pale Utende, hawezi kukanyaga. Tukakupigia simu. Sikunyimi haki yako, ulitoa gari bila kuuliza swali. Shabani alimpeleka mama yake hospitali, akamrudisha, na kesho yake akakuletea gari limeoshwa mpaka magurudumu, tangi limejaa. Ndiyo shukrani aliyokuwa nayo. Ukamuuliza ametia wapi. Akakwambia Kilindoni.

Ukaleta mpira wa maji, Baba. Ukauingiza kwenye tangi, ukanyonya kwa mdomo wako mwenyewe, ukaimwaga petroli yote mchangani, na watu ndio kwanza wanatoka msikitini. Ukasema kwa sauti ili wote wasikie, "Mtu mzima, unalinywesha gari langu mkojo!" Shabani alisimama na ufunguo mkononi. Akasema tu, "Samahani, Baba," akauweka barazani, akaondoka kwa miguu. Hakukanyaga tena kwako. Idi nne nilikuja peke yangu, nikadanganya kwamba yuko kazini, na wewe ukakubali uongo ule kwa sababu ulikufaa.

Kwa hiyo nilipochukua likizo hotelini ninakofanya kazi na kuja kukaa nanyi ile wiki ya mwisho, sikuja kwa wema. Nilikuja kukupiga kwa neno. Ndani ya kifuniko cha tangi kuna karatasi iliyobandikwa, ina maandishi ya Kijapani. Miaka yote ulituambia imeandikwa kwamba gari hili ni la petroli ya daraja la juu tu. Nikaipiga picha, simu ikaitafsiri: petroli ya kawaida isiyo na madini ya risasi. Nikakusomea mbele ya Mama. Nikakusomea tena. Nikakucheka, Baba, na nilikusudia ikuume.

Ulikifunga kile kifuniko kwa kishindo. "Simu yako imezaliwa jana," ukasema. "Mimi nimeshika usukani wewe hujazaliwa." Ukautia ufunguo mfukoni.

Wiki ile jahazi lilikuwa limeharibika mashine Nyamisati. Pipa lilikuwa kavu na mshale wa mafuta umelala chini kabisa. Kila asubuhi nilikwambia twende Kilindoni tukatie japo kidogo. Kila asubuhi ulijibu, "Nasubiri yangu." Na mimi kila asubuhi nilitabasamu.

Alhamisi, umetoka kuswali alasiri, ulikaa barazani ukashika kifua. Jasho likakutoka kama umemwagiwa maji. Mama akapiga kelele. Nikautoa ufunguo mfukoni mwako mwenyewe, tukakulaza kiti cha nyuma, nikabonyeza kile kitufe cha kuwashia. Likaondoka kimya kimya, kwa betri, na mimi nikadhani Mungu ametufungulia njia. Injini ikajaribu kuwaka, ikatetema, ikanyamaza. Ikajaribu tena. Tulipofika uwanja wa mpira wa shule, taa nyekundu zikajaa pale mbele na gari likazima. Mita mia chache, Baba. Petroli yako ya heshima ilitufikisha uwanja wa mpira.

Jirani alikuja na pikipiki. Tukakuweka katikati, yeye mbele, mimi nyuma nimekukumbatia, na ile barabara ya mchanga inatuyumbisha. Ulisema neno moja tu lililosikika. Uliniuliza, "Umefunga gari?"

Nilitaka kukujibu vibaya. Nakuapia, ulimi ulishafika. Nikasema, "Nimefunga, Baba." Kabla ya kufika Baleni kichwa chako kilikuwa kizito begani kwangu, nikakutamkia shahada sikioni, sijui kama uliisikia.

Hospitali daktari aliniambia kwa upole, "Angefika mapema kidogo, tungejaribu." Hakusema tungeweza. Alisema tungejaribu. Neno lile nalala nalo, naamka nalo.

Shabani alikuja mazishini. Alishika jeneza mwanzo mpaka mwisho, akakataa kupokewa. Akashuka kaburini kukupokea. Nilimtazama, nikakuchukia zaidi.

Arobaini ilipopita Mama alinipa ufunguo. Nikalivuta gari mpaka kwa Fundi Haji, Kilindoni. Sikwenda kwake kujifunza, nilikwenda kutafuta mtu wa kuniambia kwamba wewe ulikosea. Akaniambia, tena kwa kirefu. Alisema petroli ya bei ya juu imetengenezewa injini zinazoyakandamiza mafuta kwa nguvu sana, na injini ya gari hili si ya namna hiyo, basi haipati faida yoyote humo. Gari hili linabana mafuta kwa sababu injini hupumzika betri ikifanya kazi, na kila ukikanyaga breki linajichaji lenyewe. Kampuni gani imeyauza, gari halina habari. Linalodhuru ni maji na uchafu, na mafuta yaliyokaa mno. Akaniuliza lile pipa lilikuwa linawekwa wapi. Nilipomwambia juani, kwa miezi, alicheka mpaka akaweka spana chini. Alisema petroli iliyochoka hivyo ndiyo ingeliumiza gari, si ile safi ya pampuni.

Nikatia ya kawaida, nikaenda Utende na kurudi. Kile kioo kinachoonyesha kilomita kwa lita kilisoma namba ileile uliyokuwa ukijivunia. Nikapiga usukani kwa kiganja, nikacheka peke yangu njia nzima. Nilikuwa nimekushinda. Ilikuwa tamu, Baba, sitakuficha.

Ilikuwa tamu mpaka Jumatatu iliyopita.

Yupo mama mmoja pale sheli, anaitwa Bi Zena, ndiye anayeshika pampu zamu ya asubuhi. Kila nikienda tunasalimiana, basi. Jumatatu aliliangalia gari, akaniangalia mimi, akasema, "Wewe ni binti wa yule mzee wa Kirongwe? Mungu amrehemu. Mteja wangu yule."

Nikamwambia amekosea mtu. Baba yangu hakutia mafuta hapa.

"Alikuwa anatia," akasema. "Pipa lake likichelewa alikuja asubuhi mapema, maduka hayajafunguliwa. Alikuwa ananisihi nisimwambie mtu. Nami sikusema. Sasa keshatangulia."

Nikamuuliza tangu lini. Akasema tangu siku yeye mwenyewe alipoanza kazi pale, miaka mitano iliyopita.

Miaka mitano! Ulijua. Siku unamwaga petroli ya Shabani mchangani, petroli kama ileile ilikuwa imeshapita mara ngapi kwenye tangi hilohilo? Ulijua gari halidhuriki, na bado ulimwita mwanaume mzima vile mbele ya watu waliotoka kuswali. Ulimwonea kwa jambo ulilokuwa ukilifanya mwenyewe kwa kujificha. Ningelisikia hili ungali hai, ningekutukana, radhi niikose.

Niliondoka pale sheli, nikaegesha pembeni ya barabara. Hapo ndipo likaja jambo jingine, na hili ndilo lililonifanya niandike.

Wiki ile pipa lilikuwa kavu. Jahazi halikuja. Kwa desturi yako ungeamka alfajiri, ungeswali, ungekwenda kwa Bi Zena, ungerudi na tangi limejaa, na Mama asingejua. Kwa nini hukwenda?

Hukwenda kwa sababu mimi nilikuwa nyumbani. Nilikuwa nimelala chumba cha mbele, dirisha linatazama gari, na simu yangu na tafsiri yangu. Ungeliwasha ningeamka, ningekuuliza unakwenda wapi, ningeutazama mshale wa mafuta uliporudi. Ulijua ningecheka. Na kweli ningecheka, Baba. Ningewaita na majirani.

Sasa hasira yangu haijui pa kukaa. Nikiirusha kwako inanirudia. Ulikuwa jeuri, ulikuwa mwongo, ulimdhalilisha mume wangu bila kosa, na ulipendelea kukaa na tangi tupu kuliko kuonekana na mwanao umekosea. Hayo nayasema na siyarudishi. Na mimi niliona tangi tupu siku sita, nina mzee mwenye presha ndani ya nyumba, nikatabasamu. Tulikuwa wawili barazani pale, kila mmoja anasubiri mwenzake ashindwe.

Jumamosi nakwenda Kirongwe na Shabani. Nimeshamwomba Mama atuwekee chakula cha mchana. Nitawaambia wote wawili alichonieleza Bi Zena, neno kwa neno, maana Shabani anastahili kujua kwamba hakukosa kitu siku ile. Heshima yako itapungua mbele yao na sitaizuia. Kisha nitawaambia na lile la dirisha, ambalo hakuna anayelijua ila mimi, na sasa wewe. Nakuahidi sitaanza na lako nikaliruka langu.

Kwaheri, Baba. Kila anayekutaja anamwomba Mungu akurehemu, na mimi naitikia amina pamoja nao. Leo ni mdomo tu unaoitikia. Nitaendelea kuitikia hivyohivyo, mpaka siku moyo utakapofika.

Mwanao,
Mwanaidi