Mtoto Si Dawa

Jumapili, Lodwar. Upepo umevuma tangu alfajiri, na vumbi limeingia hata kwenye sufuria zilizofunikwa. Nimelala vizuri usiku kucha. Naona aibu kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Niandike kabla sijaanza kujidanganya.

Mimi ni muuguzi katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kwenye wodi ya watoto wenye utapiamlo. Binti yangu Akai analelewa hapa Lodwar, kwa mdogo wangu Amoni, tangu nilipomwachisha kunyonya nikapata kazi. Baba yake alikwenda Lokichoggio kuendesha lori akabaki hukohuko. Sasa mtoto ana miaka sita. Nikipata ruhusa nakuja, nakaa siku mbili, nampiga picha, narudi.

Mwezi uliopita mama mmoja alifika mezani kwangu amembeba mtoto aliyefia njiani. Nilimtazama mtoto, nikajua. Nikamtazama mama. Nikasema, "Anayefuata."

Hakusogea. Nikarudia, kwa sauti ya juu zaidi.

Sikulia wala sikutetemeka. Nilichotaka ni foleni isonge.

Aliyenishika mkono na kunitoa pale ni Maman Espérance, Mkongo wa kambini ambaye kazi yake ni kukaa na wagonjwa walioumia moyoni. Alinikalisha nyuma ya stoo. Kisha akasema, "Dada, weye umekwisha. Kazi imekula usingizi, imekula watu wako, imekula hata Mungu wako. Ukiacha moja ikule zote, weye ndiye utakuwa wa mwisho kuliwa." Akaniagiza nilale, nitembee, nisali, nicheke na watu, nirudi kwa jamaa zangu.

Nikatii kama mgonjwa. Nililala simu ikiwa imezimwa. Nilitembea asubuhi kabla jua halijawa kali. Niliimba kanisani bila kusikia ninachokiimba. Mkubwa wangu wa kazi akaniambia mbele ya wenzangu, "Sista anatafuta afya ya akili. Sisi wengine tunatafuta wauguzi." Wote wakacheka. Na mimi nikacheka, maana niliambiwa nicheke na watu.

Lakini nafuu ilikuja kweli. Siku moja nilisikia njaa, nikashangaa kama mtu aliyeitwa kwa jina. Na kadiri nilivyopata nafuu ndivyo nilivyoona pengo lilipo. Pengo lilikuwa Akai. Basi nikaamua kumchukua tukakae wote Kakuma. Nikatafuta chumba kilicho karibu na shule. Nikamwona akilini, jioni, ameketi mlangoni, ananingoja mimi.

Ijumaa nilipofika hapa nikakuta godoro limefungwa kamba na masufuria yamo kwenye gunia. Mume wa Amoni, Mwalimu Ewoi, amehamishiwa shule moja ya Lokori, mbali zaidi na Kakuma. Wanaondoka Jumapili, na Akai anaondoka nao.

"Mbona hamkuniambia?"

"Tulipiga," mama yetu alisema. "Siku hizi simu yako inalala."

Jana tuliketi sisi wanne, Mama, Amoni, Ewoi na mimi. Nikasema namtaka mtoto wangu.

Mama hakupandisha sauti. "Ulimwacha hapa hajajua kutembea. Sasa anajua kuchota maji, ndio umekumbuka ulizaa?"

Nikawaambia ukweli. Nikasema nimeugua, ugonjwa wa akili, na nimeambiwa siwezi kupona nikiishi na kazi peke yake. Nahitaji watu wangu karibu.

Mama akacheka kidogo, kicheko kikavu. "Mimi ukame ulinimalizia mbuzi, ukanizikisha watoto wawili. Nani aliniambia nitembeetembee nipone?"

 

Amoni alikuwa amekaa akikunja nguo za Akai, moja moja, bila kuinua macho. Akaniuliza, "Dada, unamchukua kwa ajili yake au kwa ajili yako?"

"Nikiwa naye nitapona," nilisema. "Ninajua."

"Mtoto si dawa yako, dada. Na ukishapona, utamweka wapi?"

Nilitaka kumpiga kofi. Naandika hivi kwa sababu hakuna mahali pengine pa kusema. Mdogo wangu aliyekesha na homa za mwanangu, nilitaka kumpiga kofi kwa kuwa alisema kweli.

Akai akaingia kutoka nje, miguu imejaa vumbi. Akaenda moja kwa moja akaegemea bega la Amoni. Akamwuliza kwa Kiturkana, wala hakunong'ona, "Mama, huyu mgeni ataenda lini?"

Hakuna aliyemsahihisha.

 Ndipo Ewoi akasema, kwa upole ulioniumiza kuliko maneno ya Mama, "Shemeji, mtoto ni wako. Ukisema anabaki, anabaki. Sisi hatutapigana na wewe. Sema tu."

Nikaomba nitoke naye kwanza. Tulikwenda sokoni, mimi na yeye, jua likiwa limeanza kulegea. Alikubali kwa sababu Amoni alimwambia akubali. Nikamnunulia soda. Akauliza, "Auntie, naweza kukaa?" Akauliza kama anaweza kunywa. Akauliza kama anaweza kubakisha. Mkono wake ulikuwa mkononi mwangu, lakini haukunishika. Nilipomwuliza kama angependa kuishi na mimi Kakuma, alisema "Ndiyo, auntie," haraka, huku akitazama njia tuliyojia.

Kwenye wodi yangu, mtoto aliyeishiwa nguvu kabisa huacha kulia. Wageni wakija humsifu kwamba ni mtulivu. Sisi wauguzi humkimbilia huyo kabla ya wengine.

Nilimtazama Akai ameketi kwenye benchi, amenyooka, mtulivu, na soda yake haijafika hata nusu.

Nikamrudisha.

Tulipokaribia nyumbani aliponyoka mkononi mwangu akakimbia, na kabla sijafika uani nilikuwa nimeshaisikia sauti yake, kali, inalalamika kwa Amoni kwamba soda imemjaza tumbo. Sikujua kama ana sauti kubwa namna hiyo.

Nikamwambia Ewoi, "Aende." 

Leo asubuhi pikapu ilifika mapema. Nilibeba vitu pamoja nao, maana kubeba ni rahisi. Akai akapandishwa juu ya magodoro, akashangilia kana kwamba amepanda ngamia. Amoni akamwambia anishukuru na aniage. Mtoto akainama, akanipa mkono wa kulia huku wa kushoto umeshika kiwiko, kama alivyofundishwa kuwaamkia wageni wenye heshima.

"Kwaheri, auntie."

Nikampa mkono na mimi. Nikasema kwaheri.

Gari lilipopotea kwenye vumbi, Mama alisimama karibu nami. "Umefanya vizuri," alisema. Sikumbuki siku nyingine aliyowahi kuniambia hivyo. Niliposoma, nilipofaulu, nilipojenga nyumba hii, hakusema. Leo amesema, kisha akaenda kuwafungulia mbuzi wake wachache.

Nimeingia ndani. Chumba walichokuwa wakilala kina alama za miguu ya kitanda sakafuni na kitana kilichovunjika. Nimefagia. Nimelia, hatimaye. Kilio kilichukua muda mrefu na hakikuniacha mwepesi, kama watu wanavyodai. Kimeniacha na kichwa kinachogonga na macho yanayowasha kwa vumbi.

Sijui Maman Espérance ataniambia nini. Labda atasema jamaa ni wengi, si mmoja, nianze na Mama. Labda hatasema kitu. Ninachojua ni kwamba nilitaka kumtwisha mtoto wa miaka sita mzigo ulionishinda mtu mzima, na nilikuwa naita jambo hilo upendo. Pengine lilikuwa upendo pia. Halikutosha.

Alasiri nikamtumia Amoni ujumbe, nikamwuliza Akai anavaa viatu namba ngapi.

Alijibu kutoka njiani. Aliandika namba, na chini yake: "Ukipanga kuja, nijulishe mapema. Nimwandae."

Nimejibu: sawa.

Kesho napanda gari la kwanza la Kakuma. Leo nitakula, hata kama sina hamu.