Sindano Isiyo na Dawa

Jumatatu, 4 Machi

Kwako Shajara, mpokeaji mwaminifu wa maneno yangu. Baada ya salamu zenye heshima na taadhima, madhumuni ya andiko hili ni kuweka bayana kwamba mbwa wetu, Karani, hainui tena miguu ya nyuma. Daktari wa mifugo amempapasa uti wa mgongo, akatikisa kichwa. Hakuna tiba, heshima iliyobaki ni kumlaza usingizi wa mwisho. Nimeridhia kwa maandishi — aya tatu, bila kosa. Atakuja Jumanne ijayo.

Mke wangu hakusoma hata aya moja.

Jumatano, 6 Machi

Mke wangu amemleta mtaalamu wa tiba ya Kichina ya wanyama! Mama mpole, mwenye kijaluba cha sindano nyembamba kama unywele. Hazina dawa ndani. Nilimweleza, kwa adabu, kwamba sindano isiyo na dawa ni kalamu isiyo na wino. Akacheka.

Akamfungua Karani kinywa, akamtazama ulimi. Akasikiliza mapigo ya damu pajani. Kisha — ajabu! — akatugeukia sisi. Karani hupenda penye joto au penye ubaridi? Hulala wapi? Nani hupaza sauti humu ndani?

Mke wangu alinitazama. Mama mkwe alinitazama. Hata Karani, msaliti yule.

"Sipazi sauti," nilisema. "Mimi huzisoma tu rasimu za barua zangu."

"Mpaka vyombo vinatikisika kabatini, baba," mama mkwe akadakia.

Ijumaa, 8 Machi

Masharti: maji ya uvuguvugu, kitambaa cha moto mgongoni, na matembezi ya uani, shuka ikipitishwa chini ya tumbo lake ili kumwinua. Mshika shuka niwe mimi. Yaani nami ni sehemu ya dawa! Niliandika pingamizi.

"Nimesikia, mume wangu. Shuka hii hapa."

Jirani alichungulia ukutani, akauliza nani anamtembeza mwenziwe. Swali lilikuwa la haki.

Jumapili, 10 Machi

Nimesoma rasimu kwa kunong'ona. Karani kaweka kidevu mguuni pangu, sindano mgongoni, anakoroma kama mwenye nyumba. Aya ikinong'onwa huonyesha urefu wake. Nimefuta mbili.

Ukucha wa mguu wake wa nyuma ulitikisika. Au nimeota. Sitaliandika hilo.

Jumanne, 12 Machi

Daktari wa mifugo yupo sebuleni na barua yangu mkononi. Sindano yake ina dawa; nimeiona kwenye trei. Mtaalamu kapiga magoti, sindano zake hajazichomoa.

Karani alisimama! Alisimama — akaanguka.

Daktari anasema ni misuli tu inayoshtuka, tusimwongezee mateso mzee wa watu. Mtaalamu anasema hajui kama atatembea. Anajua tu kwamba leo haumwi. Ukweli huo umenikera kuliko porojo.

"Mwandishi wetu," mama mkwe kasema, "leo kalamu imekauka?"

Mke wangu kashika ncha moja ya shuka. Ncha ya pili i sakafuni. "Baba watoto, wanakungoja wewe."

Umri wangu wote nimewaandikia wenye kuamua — wakurugenzi, wenyeviti, wasajili — nikiwahesabu kuwa wavivu. Nimeomba udhuru. Nipo jikoni, naandika nimesimama.

Huko sebuleni kitu kinagonga sakafu, polepole. Ama ni kiatu cha daktari, ama ni mkia.

Kwa unyenyekevu, ninaomba uamuzi. Anayeombwa ni mimi.