Vibao Viwili vya Memori, Kila Kimoja na Mama Yake

Garsen, Jumatano, Oktoba 1998

Joto la leo halina adabu. Tangu saa nne asubuhi mabati ya ofisi yetu ya misaada yanalia juu ya kichwa changu, na mawingu yamejikalia upande wa Kipini yanatutazama tu. Yakimwaga kabla watu hawajapata mbegu, msimu umekwenda.

Nimeona jambo leo, wallahi, na nikilala bila kuliandika nitajidai kesho kwamba nililijua tangu zamani.

Kesho asubuhi lori la mbegu za mpunga linafika. Mbegu anapewa mtu ambaye jina lake limo kwenye orodha iliyopigwa chapa na kugongwa muhuri. Asiyekuwamo anarudi kwake mikono mitupu. Orodha ya kijiji cha Chara niliikusanya mimi mwenyewe baada ya mafuriko, nyumba kwa nyumba, nikipelekwa kwa mtumbwi. Nikaiingiza kwenye kompyuta, nikaiweka kwenye diski. Karatasi zenyewe mchwa walizimaliza. Halafu mto ukafurika mara ya pili, maji yakaingia ofisini, kompyuta ikazama mpaka shingoni.

Kwa hiyo diski ninayo. Cha kuisomea sina.

Wakubwa wetu walituma sanduku la vipande vya kompyuta mpya: kasha, bodi, kioo, kila kitu isipokuwa memori. Hiyo tujitafutie. Nami kwa ule mwaka wangu mmoja wa chuo Mombasa nimekuwa fundi wa mji mzima. Bodi hii inataka vibao viwili vya memori, vya meno sabini na mawili, megabaiti kumi na sita kwa kumi na sita, aina moja na kasi moja. Nikayaandika hayo kwenye kikaratasi, nikampa baba mdogo Dadho, ndugu yake baba, aliyekuwa anapeleka ng'ombe Mombasa. Chini nikaongeza kwa herufi kubwa: VIFANANE.

Baba mdogo hajui kusoma. Nikamwambia amwonyeshe muuzaji tu.

Amerudi leo adhuhuri, kafurahi kama mtu aliyeoza binti. Akafungua kitambaa mezani. Vibao viwili. Kimoja cha kumi na sita, meno yake rangi ya dhahabu. Kingine cha nane, meno meupe.

Muuzaji, anasema, alitaka kumpa viwili vya mama mmoja. Akakataa. Ati yeye mtoto? Nani anaanzisha zizi kwa dume na jike wa tumbo moja, wazae vilema? Kile cha kwanza akakichukua hapo, kisha akavuka barabara akatafuta cha pili kwenye duka jingine kabisa, ili damu zisikaribiane. Na juu ya yote akaomba apunguziwe.

Nilivichomeka hivyo hivyo, maana maji yakikufika shingoni hata unyasi utaushika. Jenereta ya duka la jirani ikawashwa baada ya alasiri, nikabonyeza. Pi, pi, pi. Kioo cheusi. Nikavigeuza nafasi, nikabonyeza tena. Pi, pi, pi.

Nikapiga kelele.

Nakiri hapa kwa sababu kwingine sitathubutu. Nilimpigia kelele ndugu wa baba yangu, mlango wazi, na kina mama wawili kutoka Chara wamekaa barazani wakisubiri kuhakikishiwa majina yao. Nilisema ameniharibia, nilisema nilitaka vitu viwili vya kufanana, ni kitu gani kigumu hapo? Kwetu Waorma mtoto hamwinulii sauti baba mdogo. Kina mama wale waliinamisha macho, na aibu ikanishuka mpaka vidoleni.

Baba mdogo akauliza kama kuna chai.

Alipomaliza kikombe akasema, "Nieleze kazi yao. Hukunieleza kazi yao." Nikamweleza. Nikasema hivi vibao ni kama watu wawili wanaobeba mgonjwa kwa machela: mmoja akiwa mfupi au mzito wa mwendo, mgonjwa yuko chini. Akanitazama kwa huruma, mimi mwenye cheti.

"Mwanangu, wa kubeba ni habari nyingine. Mimi nilidhani wa kuzaa."

Kweli, nilimwandikia vifanane, sikumwambia kwa nini, na mtu wa mifugo usipomwambia sababu atatumia akili yake, na akili yake ndiyo iliyotulisha sisi wote.

Kisha akauliza swali ambalo lilipaswa kutoka kwangu. Yule aliyezama, hakuwa na wabebaji wake?

Lo! Kompyuta ya zamani iko nyuma ya ofisi, na kuku wa mlinzi ameigeuza nyumba. Miezi yote hii nimekuwa nikiihesabu maiti. Tulimtoa kuku kwa ugomvi, tukakuta vibao viwili ndani ya matope makavu. Kimoja kimeliwa na kutu ya kijani, hakina maisha. Cha pili nilikisugua meno kwa ufutio wa penseli mpaka yakatoka dhahabu.

Baba mdogo akakichukua. Akakiweka kwenye kiganja cha kushoto, na kile chake cha kumi na sita kwenye kiganja cha kulia. Akasogea dirishani. Akatazama vile vijumba vyeusi vilivyopangwa juu ya vibao, kimoja kimoja, taratibu, kama anavyomtazama ng'ombe aliyepotea ndani ya kundi la ng'ombe wa watu wengine. Akasema hawa chapa yao ni moja, zizi moja.

Nikasema moyoni, haya, kabahatisha. Nikasoma maandishi yale madogo ya kufumbia jicho. Herufi ni zile zile. Namba ni zile zile, mpaka ile sitini ya mwisho inayosema kasi. Mtu asiyejua hata alifu! Maji ya mto, matope, kuku, maduka mawili ya Mombasa, na pacha wamekutana kwenye viganja vya mzee mmoja wa Garsen. Subhanallah. Nywele zilinisimama.

Nikavichomeka. Nikabonyeza. Pi moja tu.

Namba zikaanza kupanda kwenye kioo. Elfu nane. Kumi na sita, nikashikilia meza, maana kama kile kilichozama kina hitilafu zingeweza kusimama popote. Hazikusimama. Zikapita, zikaenda mpaka thelathini na mbili elfu na ushei, zikatulia. Nililia, na sikuficha. Baba mdogo akauliza ni nini kinachohesabiwa, nikamwambia ni nafasi, kompyuta inahesabu nafasi iliyonayo ya kubeba watu. Akatikisa kichwa kwa heshima kubwa.

Diski ikasoma. Chara yote ikatokea kwenye kioo, kutoka kwenye kitu ninachoweza kukificha ndani ya kiganja.

Tukiwa tunachapa nilimwomba radhi. Niliinama, nikaomba, kina mama wale wale wakisikia. Akanipa mkono juu ya kichwa, akasema hasira ni moshi, nisome majina, anawajua watu wa Chara, miaka mingi anabadilishana nao mtama na maziwa. Nikasoma. Kila jina ana neno. Huyu mzima. Huyu kahamia Idsowe kwa mwanawe. Huyu Mungu amrehemu, mpe mkewe. Nikawa narekebisha huku nasoma, na yeye hana karatasi, hana kitu, anatazama tu ukuta.

Nilipofika mwisho akangoja. Nikamwambia yamekwisha.

"Na Habona, mjane wa kule ng'ambo?"

Nilitafuta mara mbili. Hayumo. Siku ile mtumbwi ulikuwa unavuja na jua linazama, nikamwambia mpiga kafi turudi, nyumba ile nitaiandika kesho. Sikuiandika. Nilisahau kwamba nilisahau.

Nimeliandika jina lake sasa, la mwisho kabisa, nikachapa ukurasa upya. Kesho atakuja na watoto wake wanne na gunia tupu, atapanga foleni kama wenzake, wala hatajua kwamba mpaka jioni ya leo nilikuwa tayari kumwambia hayumo.