Tembe ya Pinki na Figo Yangu Moja

Jumanne, Wamunyu. Jua limewaka tangu saa mbili, upepo unaleta vumbi la mbao mpaka ndani ya sufuria, na mimi nimechukia hata chai haishuki.

Kinyaa. Leo sina neno lingine.

Kazi yangu ni kupiga msasa vinyago. Mchongaji akimaliza twiga wake, mimi ndiye ninayemlainisha. Vumbi hili nimelivuta miaka mingi, lakini tangu mwezi uliopita limenigeukia. Macho yanawasha, kamasi hazikomi, napiga chafya mpaka twiga ananiponyoka mkononi.

Jumamosi nikaenda kemisti pale sokoni. Msichana wa kaunta alilamba kidole, akafungua kibahasha cha karatasi, kisha akanihesabia tembe kwa kidole kilekile. Nyeupe, njano, pinki. Akaandika moja mara tatu, basi. Jina la dawa hakuandika, na hakuniuliza lolote.

Na mimi sikusema. Hapo ndipo ninapojichukia.

Niko na figo moja. Nyingine nilimpa ndugu yangu Mutuku, wakati alikuwa anasafishwa damu kwa mashine kila wiki na uso umemvimba hatambuliki. Kliniki ya figo walinionya nisimeze dawa nisiyoijua jina, na zile za maumivu kama diclofenac na ibuprofen nisiziguse kabisa. Nayajua hayo yote. Lakini nyuma yangu kulikuwa na foleni ya watu wanaonijua, na huku kwetu stori ni kwamba niliuza figo. Kuna wanaojua mpaka ploti niliyonunua, ploti ambayo mimi mwenyewe sijawahi kuiona! Nikachukua bahasha nikatoka.

Nimemeza siku mbili nzima.

Jana wakati wa chakula mama yangu akatoa dawa yake ya magoti. Pinki. Umbo ni lile, alama ni ileile. Nikamnyang'anya pakiti nikasoma: diclofenac. Nikakimbia kuleta kibahasha changu, nikazilinganisha.

Asubuhi ya leo nikarudi kemisti na kile kibahasha. Nikamuuliza yule msichana, hii ya pinki ni ya nini?

"Hiyo ni ya kusaidia hiyo nyeupe."

Kusaidia! Kana kwamba tembe zimeenda mwethya, kazi ya ujima, kulimiana shamba. Nikameza hasira, nikamwambia polepole kwamba niko na figo moja na hiyo dawa inaweza kuniharibia. Akainama juu ya kaunta, macho yanang'aa.

"Wee! Walikupatia ngapi?"

Ptuu. Nilitaka kumtemea mate, Mungu anisamehe. Mtu amekuuzia sumu bila kukuuliza, halafu swali lake la kwanza ni hilo.

Nimeenda hospitali, Machakos mjini. Mfamasia wa huko, kabla ya kunipa kitu, aliniuliza magonjwa niliyonayo na dawa ninazotumia. Nilipomwambia, akaweka kalamu chini. Nikapimwa presha, nikatolewa damu. Amenipa dawa moja tu ya aleji, kwenye pakiti yake yenye jina, nusu ya kipimo cha kawaida mpaka majibu yatoke. Ameniambia pia nifunge barakoa kazini na nisafishe pua kwa maji ya chumvi. Majibu ya damu ni Alhamisi. Naogopa. Sina figo nyingine ya akiba.

Nikampigia Mutuku nikamwambia nilichomeza. Nilijua atamtukana yule msichana, na kusema kweli nilitaka amtukane.

"Dada," akasema, "mimi nikiingia kemisti yoyote, kabla hata sijasalimia, nasema niko na figo ya dada yangu. Wewe huwa unasema nini?"



Huwa nasema niko na mafua tu.