Kwa Nini Sikwenda Benki Kigali

B.P. 47,
Gisenyi, Rwanda.
Jumapili, 26 Septemba 1999

Mpendwa Shangazi Mwanaidi,

Assalaam aleikum. Mimi ni mzima, lakini kabla ya habari zangu nataka kujua zako. Goti limetulia, au bado linakusumbua ukiinuka kutoka kwenye mswala? Na Mzee Feruzi, kikohozi chake kimepungua, au bado anakidanganya kwa tangawizi na hataki kwenda kwa daktari? Nikifunga macho nawaona mmekaa ukumbini hapo Ujiji, yeye anakohoa, wewe unamgombeza.

Hapa nyumbani hatujambo. Baba bado anashona kwenye baraza lile lile karibu na soko. Mama presha imeshuka tangu apunguze chumvi, ingawa kila mlo anaulalamikia. Mvua zimeanza. Sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu, wamekuwa wengi mwezi huu, na kila ninapowala nawakumbuka dagaa wako. Wako ni watamu zaidi, lakini hapa sithubutu kulisema neno hilo.

Barua yako ya Agosti ilinifikia. Nimeisoma mara nne. Umesikia kwa watu kwamba nilipata nafasi benki nikaikataa, na umeandika kuwa hukunilea miaka kumi na mitano ili nisomee kompyuta kisha nikakae kwenye chumba cha karatasi kuukuu. Shangazi, maneno hayo yangetoka kwa mtu mwingine ningeyaacha yapite. Yametoka kwako, yakaniuma. Sikukujibu upesi kwa sababu nilitaka kazi iishe kwanza, nikueleze kitu kilichokamilika. Sasa imeisha, sikiliza.

Chuoni kwetu, mwanafunzi akimaliza mwaka wa pili lazima likizo ndefu aende miezi mitatu kufanya kazi mahali. Huku tunaita staji. Mwezi wa Juni nilipata barua mbili wiki moja. Ya kwanza ilitoka benki moja ya Kigali, imepigwa chapa, ina muhuri. Walitaka mwanafunzi wa kusaidia kukagua mashine zao kabla ya mwaka 2000, maana kompyuta nyingi zinaandika mwaka kwa tarakimu mbili tu, na wataalamu wanahofia kwamba ikifika Januari zitadhani tumerudi 1900. Darasa zima lilikuwa linaitaka nafasi hiyo. Baba aliisoma barua mbele ya wateja, halafu akaipeleka msikitini.

Ya pili iliandikwa kwa mkono. Ilitoka kwa Mama Mukasine, mwalimu wa zamani wa upande wa Nyundo, ambaye sasa anaendesha hapa mjini ofisi ndogo ya kuwatafutia jamaa zao watoto waliopotezana nao wakati wa vita na wakati watu waliporudi kutoka Goma, ng'ambo ya mpaka, mwaka 1996. Alisema wamepewa kompyuta moja na hakuna anayejua kuiwasha. Amesikia binti wa Hamdani fundi cherehani anasomea mambo hayo. Malipo hana, lakini chakula cha mchana kipo.

Nilishaamua kwenda benki, Shangazi, sikufichi. Nilikwenda kwa Mama Mukasine kumshukuru na kukataa, kwa sababu wewe ndiye uliyenifundisha kuwa mtu mzima hakataliwi kwa karatasi.

Alinikaribisha kwenye chumba chenye masanduku ya kadi mpaka dirishani. Kila kadi ni mtoto mmoja, au ni mtu mzima anayemtafuta mtoto. Nikaanza maneno yangu ya shukrani. Akaniacha nimalize, kisha akaniwekea kadi mbili mezani.

“Angalia hii,” akaniambia. “Huyu mutoto anasema baba yake ni Gatete wa Mudende. Bon, sawa. Na hii ingine ni Gatete mwenyewe, anatafuta mutoto wake. Hizi kadi zilikaa ndani ya hii chumba miezi nane, moja kwa hii sanduku, ingine kwa ile. Hakuna mutu aliziona pamoja.”

“Na mtoto?” nikauliza.

“Mutoto alifika kwao. Lakini baba alikuwa amekufa wiki tatu mbele ya ile siku.”

Hakuniomba kitu. Alizirudisha kadi mahali pake, akaniuliza kama nitakula naye maharage. Nikala. Sikusema tena neno la kukataa, na sikusema la kukubali.

Benki ilinipa mpaka Ijumaa. Alhamisi nilikwenda posta nikawapigia simu, nikawaambia wampe nafasi mwenzangu Jean Paul, aliyenifuata kwa alama. Nilipomwambia Baba aliuliza swali moja tu: “Benki ingekupa kazi baadaye. Hii itakupa nini?” Mama alikuwa anachambua mboga, hakuinua kichwa. Alisema tu, “Mwache, baba Saidati. Sisi wetu wote tunajua walipo.”

Siku tatu Baba alishona kwa kasi. Unamjua kaka yako: akikasirika hapazi sauti, anaongeza mwendo wa cherehani. Siku ya nne alikuja ofisini bila taarifa, utepe wa kupimia shingoni, akaipima ile kompyuta kama mteja, urefu, upana, kina. Jioni akarudi na kifuniko cha kitambaa cha bluu chenye mshono mara mbili, kwa ajili ya vumbi la volkano. Habari za benki zikaishia hapo.

Basi nikaanza. Umeme ulikuwa unakatika bila kuaga, na mashine yenyewe ilikuwa nzito kama punda aliyeshiba. Nilipiga chapa kadi moja moja. Ugumu wake si wingi tu. Kwa Kinyarwanda, l na r ni kama sauti moja, hivyo Mukabalisa wa kadi hii ni Mukabarisa wa kadi nyingine. Niyonshuti ameandikwa namna tatu. Nikatengeneza programu inayoyalinganisha majina kwa namna yanavyosikika, siyo kwa namna yalivyoandikwa. Ilinichukua wiki mbili. Ilipofanya kazi niliona fahari, na hapo ndipo nilipokosea.

Mwishoni mwa Julai mashine iliniletea watu wawili. Mmoja alikuwa bibi wa Mudende, jina lake Mukabalisa. Mjukuu wake alimponyoka mkononi katika msongamano wa watu kule Goma, mwaka ule wa 1996, akiwa na miaka mitano. Wa pili alikuwa msichana wa miaka minane hivi, anayelelewa kwenye nyumba ya watoto karibu na Nyundo. Mtoto anatafutwa kwa jina la Ikirezi, na huyu anaitwa Ikirezi. Baba Sebagabo, na huyu baba Sebagabo. Shangazi, niliruka kwenye kiti. Mama Mukasine alikuwa safarini. Utaratibu ni kwamba yeye huenda kwanza, akauliza pande zote mbili. Mimi sikungoja. Nilimtumia bibi habari kupitia watu wa gari la viazi: mjukuu wako amepatikana, njoo.

Alikuja kwa miguu kutoka Mudende, saa tatu za njia. Alileta viazi vya kuchemsha kwenye kikapu na sweta aliyoifuma mwenyewe, ndogo mno, kwa sababu aliifuma kwa kipimo cha mtoto wa miaka mitano. Ikirezi aliletwa chumbani. Akamwamkia yule bibi kwa adabu, kama mtoto anavyomwamkia mgeni yeyote. Bibi akamshika kidevu, akaligeuza sikio lake la kushoto kutazama nyuma yake. Akatazama muda mrefu. Halafu akaniambia, taratibu, “Si yeye.”

Bibi alikaa chini, akamega kiazi, akampa mtoto, wakala wote wawili. Sweta akamwachia pia. Alipoondoka nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia mpaka nikaishiwa.

Mama Mukasine aliporudi nilimwambia yote, na nikamwambia kwamba naacha, bora niende Kigali, mashine za benki haziwezi kuvunjika moyo. Hakunigombeza. Alisema, “Kigali utaenda na hii uchungu, itakusaidia nini kule? Yule mama alitembea mpaka kwako. Sasa na we tembea mpaka kwake, umuombe musamaha. Kiisha urudi kwa kazi.”

Nilidhani nitakwenda peke yangu. Jumapili asubuhi nikamkuta Baba mlangoni amevaa kanzu na viatu vya kupandia mlima. Gari lilitufikisha nusu ya njia, nusu tukapanda kwa miguu, yeye akinisomea uradi kwa sauti ya chini kama siku ile nilipokwenda kufanya mtihani wa kuingia chuo.

Mukabalisa alitupokea kwa maziwa ya mgando. Nilipiga magoti nikaomba radhi. Akaniinua. Tuliongea kwa Kinyarwanda, na maneno yake nakuandikia kama nilivyoyasikia: “Binti, mashine yako iliniuliza jina. Jina hata jirani analijua. Hukuniuliza mtoto alikuwa ananiitaje, wala alikuwa anaogopa nini.”

Baba akamwuliza, “Alikuwa anakuitaje?” Na yule bibi akaanza kusimulia. Alisimulia mpaka jua likageuka. Nilijaza kurasa saba za daftari.

Niliporudi ofisini nilibadilisha mambo mawili. Kwanza, mashine haitangazi tena chochote. Inatoa orodha, na Mama Mukasine ndiye anayekwenda kuuliza. Pili, nilifungua nafasi mpya kwenye kila kadi, ya vitu ambavyo ni mtoto na watu wake tu wanavijua. Mimi na Vestine, karani wa ofisi, tulizunguka tena kwa watoto kuwauliza upya. Wengi walikuwa hawajawahi kuulizwa.

Ikirezi yule wa Nyundo alituambia kwamba mama yake mdogo alikosa kidole kimoja mkono wa kushoto, na alikuwa anaimba puani akichekecha unga. Wiki tatu baadaye, kati ya kadi zilizotoka upande wa Goma, alijitokeza mwanamke aitwaye Ingabire, anamtafuta mtoto wa marehemu dada yake. Mama Mukasine alivuka akamwona kwa macho yake, akauliza mara mbili, akarudi. Safari hii mimi nilingoja.

Tulimpeleka mtoto Petite Barrière, kivuko cha mpaka wa Goma, Jumamosi ya tarehe kumi na moja mwezi huu. Wachukuzi walikuwa wengi, mizigo vichwani, na mtoto alikuwa haoni kitu. Ingabire alifika kwenye kizuizi akasimama. Hakuita jina. Aliinua mkono wa kushoto juu ya vichwa vya watu, akaufungua. Ikirezi aliutazama. Kisha akauachia mkono wangu na kukimbia, na askari wa mpakani akasogea kando bila kuulizwa.

Mukabalisa alikuwepo. Tangu siku ile ya kwanza alikuwa akimtembelea mtoto yule kila siku ya soko, ingawa si wake. Alisimama pembeni yangu mpaka wakapotea kati ya watu. Akajifunga kitenge vizuri, akaniambia, “Bon. Sasa tafuta wangu.”

Shangazi, nimepiga kadi elfu mbili mia sita na kumi na nne. Watoto kumi na tisa wamefika kwao. Vestine sasa anaweza kuiendesha mashine bila mimi. Kwa upande mwingine, Jean Paul ameambiwa na benki arudi akimaliza chuo, meza yake itakuwa inamngoja, na meza ile ingekuwa yangu. Hilo nalijua, na kuna asubuhi nyingine nalifikiria. Sitakudanganya kwamba sikupoteza kitu. Lakini ukiniuliza kama ningefanya tena, ningefanya, ila siku ile ya Julai ningengoja.

Naomba radhi yako. Bila hiyo, hata nikipata kazi kubwa kiasi gani, nitaifanya nikiwa na jiwe rohoni.

Na ninaomba jambo moja zaidi. Dereva mmoja wa lori ametuambia kwamba baadhi ya watoto waliotoka misituni Kongo walivushwa Tanganyika kwa boti mpaka Kigoma. Wewe unajulikana soko zima la Ujiji. Niulizie mjukuu wa Mukabalisa, msichana wa miaka minane. Huenda amepewa jina jingine. Ana kovu dogo nyuma ya sikio la kushoto, anaogopa kuku, na bibi yake alikuwa akimwita yeye “Nyogo”. Ukimpata mtoto wa namna hiyo, usimtajie chochote kati ya hivi. Mpe chakula, kaa naye, mwache aseme mwenyewe.

Nisalimie Mzee Feruzi, umwambie kikohozi hakisikii tangawizi. Nisalimie Bi Tatu jirani, na binamu yangu Asumini na mtoto wake mchanga, ambaye natamani kumbeba kabla hajaanza kunikimbia. Baba anakusalimu sana. Mama anasema umtumie dagaa, na asiambiwe mtu kuwa ameomba.

Mungu alitunze goti lako, akupe usingizi mwema, na akuzidishie miaka ya kunigombeza.

Ni mimi mwanao nikupendaye, uliyenilea,
Saidati Hamdani