Tonge la Kwanza Lilikuwa Lako

Mama mdogo,

Nakuandikia nikiwa nimekalia kigoda chako, kile kilichokuwa jikoni kwetu Ihanda. Siku ya kugawana vitu vyako wenzangu walichukua vitenge na masufuria, mimi nikakiomba hiki, wakanicheka. Una miaka miwili sasa umelala kando ya shamba la kahawa, karibu na mama aliyenizaa, na barua hii haina pa kukufikia. Lakini kuna neno nililotakiwa kukuambia tangu nikiwa mtoto, na sikulisema mpaka ukaondoka. Leo mchana mtoto wa miaka minane amelisema mbele yangu, kirahisi tu, huku anatafuna.

Baba alipokuleta nyumbani nilikuwa na miaka tisa. Mama alikuwa hata mwaka hajatimiza kaburini. Shangazi alinivuta nyuma ya banda la mbuzi akaniambia, "Ukipewa chakula na huyo mwanamke, usiguse mpaka umwone yeye amemeza." Shangazi hakuwa mtu mbaya. Alimpenda sana mama, wifi yake, na ilimuuma kuona mwingine ameshika mwiko wake. Lakini mimi niliyabeba maneno yake yote, kama yalivyo.

Siku tatu sikula kwako. Nilijaza tumbo kwa mapera na mahindi mabichi, nikaharisha mpaka baba akataka kunipeleka zahanati. Siku ya nne ulipika majani ya maboga. Naona bado ulivyokaa mlangoni ukiyatoa nyuzi, jani moja moja, bila haraka, kisha ukayaunga kwa karanga ulizotwanga mwenyewe, kwa kuwa ulisikia ndiyo mboga ninayoipenda. Tukakaa mkekani. Baba akauliza mbona sinawi. Nikajibu, kwa sauti ambayo mpaka leo inaniaibisha, "Shangazi kasema aonje kwanza yeye."

Baba akainuka. Nilijua anafuata fimbo. Wewe ukamshika suruali hapo gotini, bila hata kusimama.

"Baba Eliza, mwache. Hanijui bado."

Ukamega tonge, ukalichovya, ukatafuna, ukameza. Ukanywa na maji ya kwenye jagi. Ndipo ukaniangalia ukasema, "Haya, mwanangu, karibu." Kwetu mtu akimkaribisha mgeni pombe huanza kunywa yeye, ili mgeni awe na amani. Wewe ulinifanyia hivyo mimi, mtoto, katika nyumba niliyozaliwa. Nikala mpaka nikaramba bakuli.

Nilidhani utaonja siku hiyo tu. Kesho yake ukaonja makande. Keshokutwa yake ukaonja uji, viazi, hata ndizi za kuchemsha, ambazo sijui mtu angezitilia nini. Siku za nyama ulionja mchuzi peke yake, usije ukatupunguzia vipande. Wadogo zangu uliowazaa walikua wakiamini kila mama duniani huonja kwanza, na mdogo wetu wa mwisho aliwahi kumshangaa jirani kwa nini anapakua na kula tu kama hana adabu. Ulicheka siku ile. Mimi sikucheka, nilijifanya natafuta chumvi.

Nikuambie ukweli. Hofu yangu iliisha mapema sana, kabla hata mahindi ya mwaka ule hayajavunwa. Iliisha nikanyamaza. Mwanzoni kilikuwa kiburi, mimi kichwa ngumu unanijua. Baadaye ikawa aibu. Nilipokuwa msichana mkubwa nikajidanganya kwamba umeshazoea na haikuumizi.

Hata nilipomleta mchumba wangu kumtambulisha ulionja. Alikuwa amenyoosha mkono tayari, akaurudisha akasubiri. Njiani kurudi, tulipofika Nanyala, akasema, "Mama yako ana adabu za kizamani, nimempenda." Nikaitikia. Sikumwambia kuwa adabu ile ilianzia kwangu.

Na ile siku ya uji hainitoki. Ulikuwa unaumwa, nimekuleta kwangu hapa Tunduma, nikakupikia uji wa ulezi mwepesi. Nikakushikia kikombe. Ulikunywa palepale, hukuniangalia usoni, hukuningoja nianze mimi. Nusu ya kikombe ilikuwa imekwisha ndipo nikaelewa ninachokiona. Maneno yalinifika mdomoni kabisa, mama mdogo. Ukasema, "Sukari umezidisha, Eliza," nikacheka, na nafasi ikapita. Wiki hiyohiyo ukaondoka.

Sasa ninaye Jeska. Ni binti wa mume wangu, alilelewa na bibi yake huko Msangano mpaka bibi akaishiwa nguvu. Aliletwa kwetu mwezi wa kwanza na begi la shule na kandambili. Baba yake ni dereva wa lori, akishavuka mpaka huwa hatumwoni wiki mbili au tatu, kwa hiyo mkekani tunabaki watatu: mimi, Jeska, na Neema wangu wa miaka minne. Chakula changu Jeska hakukigusa. Kila nikimuuliza ananiambia ameshiba. Nikamfuma nyuma ya mlango anatafuna mchele mbichi.

Nilipandwa na hasira. Nilikuwa nimesimama juani asubuhi nzima nauza vitambaa, nimerudi, nimepika, halafu mtu ananiambia ameshiba. Nikamwambia humu ndani hakuna hoteli ya pili. Mwiko ulikuwa mkononi mwangu, na nikaona anautazama ule mwiko, mimi hanitazami. Sikujua mkono wangu umeinuka kiasi kile. Nikaushusha, nikavuta kigoda chako nikakaa. Nikamega tonge, nikameza, nikanywa maji. Nikasema, "Haya, mwanangu, karibu."

Alikula matonge manne. Sijui aliambiwa nini wala na nani. Sikumuuliza, kwa sababu na wewe hukuwahi kuniuliza zaidi.

Tangu siku hiyo naonja, na ndipo nimejua ulikuwa umebeba nini. Inauma. Unachambua mboga, unapuliza moto, unapakua, halafu unajitetea mbele ya mtoto kwa kosa ambalo hukulifanya, tena unatakiwa utabasamu. Mimi nimefanya miezi minne tu na kuna siku nimelia jikoni nikasingizia vitunguu. Wewe ulifanya miaka ishirini na tano, na sijawahi kukuona umekunja uso. Nisamehe. Nisamehe kwa kila mlo.

Leo tumetoka kanisani, nikapika majani ya maboga kwa karanga. Nyuzi nilizitoa na Jeska, nimemfundisha, ingawa anaacha nyingi. Nikapakua. Neema akapiga teke jagi, maji yakamwagika, nikaenda kutafuta kitambaa. Niliporudi Jeska alikuwa anatafuna. Mboga imempakaa kidevuni, na kwa mkono wa pili anammegea mdogo wake vitonge vidogo vidogo na kuvipuliza.

Nilisimama pale na kitambaa changu.

"Jamani, sijaonja," nikasema.

Jeska akaniangalia kama vile nimeuliza swali la kijinga. Akameza kwanza.

"Usionje tena, mama. Kaa ule, kinapoa."

Ni hayo tu. Nilikaa nikala, na sikumbuki chumvi ilikuwaje. Huyu mtoto imemchukua miezi minne. Mimi nilipewa miaka ishirini na tano, na mdomo nilikuwa nao.

Shule zikifungwa nitamleta Ihanda akuone, tupalilie kaburi lako na la mama. Mboga tutafungasha kutoka huku, na tutakula palepale, wewe ukiwa upande wako. Pumzika vizuri. Nimechelewa, najua, lakini nalisema sasa kwa mdomo wangu mwenyewe, nikiwa juu ya kigoda chako:

Usionje tena, mama. Kaa ule.

Mwanao,
Eliza