Fyuzi Niliyoiweka Mbali na Batri

Kakiika, Mbarara
Jumamosi, 8 Machi 2025

Mpendwa kaka Anatole,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, wewe na shemeji Doriane na binti yenu Ineza. Natumaini baridi ya huko Winnipeg imeanza kulegea. Kule kambini Nakivale mvua imeshuka, maharagwe yamepandwa, na Mama yetu Cansilde anameza vidonge vyake vya presha bila kukosa. Mimi na Marcienne wangu tunapumua.

Ningekuuliza hali yako kama inavyopasa, lakini naijua. Shemeji alipiga simu Jumatatu, akasema huli, umeacha kwenda misa, na kila akikusemesha unarudia jambo moja: kwamba zawadi yako imemuua baba yako.

Kaka, amplifaya yako haikumuua Baba Mkubwa. Nimejaribu mara tatu kukwambia kwa simu, na kila nikisikia sauti yako naishia kuuliza habari za theluji. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Marcienne atazipiga picha kurasa hizi akutumie leo hii hii, kwa sababu barua ya posta itakukuta umekwisha. Nisome mpaka mwisho.

Ulipotuma ule mzigo kwa kwaya, uliweka kila kitu: amplifaya, waya mnene mwekundu, na fyuzi ndani ya kikasha chake. Juu ya boksi uliniandikia kwamba fyuzi ikae karibu na batri, isizidi shibiri moja, na pale waya unapopita kwenye bati la gari nivishe mpira. Nilicheka, haki ya Mungu. Nikamwambia Marcienne, tazama kaka anamfundisha fundi wa umeme wa magari kazi yake! Nilifunga hivyo hivyo ulivyosema. Nilikwangua rangi nikafunga waya wa bodi kwenye bati tupu, amplifaya nikaiweka juu ya ubao mahali inapopata hewa. Ilikuwa kazi safi.

Shida ilianza na misiba. Wewe uliondoka kabla kwaya haijapata lile gari, kwa hiyo hujui jinsi walivyolitumia. Mchana linazunguka vijiji likitangaza aliyefariki, Baba Mkubwa kama katekista yuko kiti cha nyuma na maikrofoni yake, na spika mbili juu ya paa. Likifika nyumbani kwa wafiwa, ambako umeme hakuna, kwaya wanafungua batri na kuibeba hadi kwenye turubai pamoja na amplifaya na waya wake, wanaimba hadi mazishi. Kisha wanarudisha vyote garini. Wiki nyingine mara mbili, wiki nyingine mara nne.

Sasa kile kikasha cha fyuzi nilikuwa nimekikaza kwa skrubu kwenye bodi, na kila msiba wanatafuta bisibisi. Mukandoli, mwenyekiti wa kwaya, akawa ananisumbua: fundi, turahisishie. Nikamrahisishia. Nilikata fyuzi pale mbele, nikaweka vibano viwili vya kubana tu kwenye batri, fyuzi nikaihamishia nyuma karibu na amplifaya. Na ule mpira wa tunduni nikautoa ili waya upite upesi wakiuvuta.

Wewe si fundi lakini ulijua nilichojitia kusahau. Fyuzi ikikaa nyuma inailinda amplifaya peke yake. Waya wote kuanzia kwenye batri, chini ya zulia, mpaka kule nyuma, hauna mlinzi. Ukigusa bati hakuna kinachokatika, unawaka wenyewe. Nilijua, kaka. Nilijua siku ile ile nikiwa nimeshika koleo mkononi. Nikasema moyoni, ni kwa muda tu. Ikawa miezi mitano.

Tarehe 11 Februari walikuwa wanatangaza kifo cha bibi mmoja, wakaingia soko la Rwekubo saa nne asubuhi. Waya ulikuwa umekwisha kusagwa na lile tundu. Cyiza, dereva, anasema alimsikia Baba Mkubwa kupitia spika za paani, si kutoka nyuma, kwa sababu kati yao palikuwa na ubao: "Cyiza, simama, moto uko chini ya miguu yangu." Sokoni watu walidhani katekista anaendelea na tangazo lake, wengine wakatikisa kichwa kwa heshima. Kisha spika zikanyamaza. Cyiza alishuka mbio, lakini mlango wa nyuma wa kusukuma ulikuwa unafunguka kwa nje tu, na ulikuwa umekaza, ukachelewa kufunguka. Wewe uliambiwa kwamba amplifaya ililipuka. Haikulipuka. Nimeifungua mwenyewe, ndani ni nzima, hata rangi haikubabuka. Zulia na waya ndivyo vilivyoungua, na miguu ya Baba Mkubwa mpaka kiunoni.

Alikaa siku tisa hospitali hapa Mbarara. Nililala kwenye sakafu kando ya kitanda chake siku zote hizo. Alinishukuru, kaka. Kila muuguzi aliyeingia alimwambia, huyu ni mtoto wa marehemu mdogo wangu, ni fundi, anatengeneza magari ya watu. Alinisifia mimi! Nami nikaendelea kumnywesha uji.

Kisha mazishi. Mukandoli alisimama mbele ya jeneza akasema, "Bile bitu bya Bulaya bya kutumika, mwaona sasa, bimetuulia mukatekista wetu." Watu wakaitikia. Nilikuwa nimeshika sepetu. Unajua nilihisi nini? Nilifurahi. Lisome mara ya pili neno hilo, sitaki nikufiche. Nilifurahi kwamba lawama imekuangukia wewe, uliye mbali, ambaye hakuna atakayeacha kukuletea gari lake kwa sababu hiyo. Nilikuachia mzigo wangu nikajaza kaburi.

Juma lililofuata nilianza kuwatafuta wote niliowafungia namna ile. Ni magari matatu, moja la kanisa la Wakongo kutoka Kivu ya Kusini, nao wanabeba batri msibani kama sisi. Pale niliukuta waya umechubuka, shaba inaonekana. Nimerudisha fyuzi mbele kwenye magari yote matatu, nimevisha mpira. Waliponiuliza kwa nini, nikasema ni utaratibu mpya. Bado nilikuwa nadanganya.

Jumatano ya Majivu nilipakwa majivu kama mtu mwema. Sikuweza tena. Alhamisi nikaenda Nakivale nikamwambia Mama yote, nimepiga magoti uani. Alikuwa anachambua maharagwe. Aliendelea kuchambua hadi ungo ukaisha. Akauliza, "Anatole anajua?" Nikasema hapana. Akasema, "Mwandikie. Yeye yuko hai na hali chakula. Mimi na wewe tutaongea akishakula."

Tangu mlipoanza kunilea sijawahi kutoka kwa Mama mikono mitupu, hata kama ni mihogo miwili. Juzi nilitoka mikono mitupu, na hakunisindikiza.

Kesho baada ya misa nitasimama mbele ya kwaya na kusema kama nilivyokuandikia hapa. Wakiniitia polisi nitaenda. Cyiza amesema atakaa karibu na Mama, wasimsumbue kwa maswali.

Marcienne anakusalimu, amelia wakati wote nikiandika. Msalimie sana shemeji, umwambie alifanya vema kupiga simu. Mbusu Ineza, umwambie babu yake alikuwa na picha yake ndani ya kitabu cha sala, tukamzika navyo. Mungu akuondolee jiwe hili kifuani, maana halikuwa lako.

Usinijibu, kaka, sidai jibu. Pakua chakula, ule, hata kama ni vijiko vitatu. Kisha mpigie Mama umwambie umekula. Simu yake ameifunga shingoni kwa kamba tangu Alhamisi, hata shambani anaenda nayo.

Mimi niliyelelewa na baba yako, na ninayekupenda hata ukikataa kuniita ndugu,

Jean-de-Dieu